FBP (kipimo cha damu) ikiwa safi haimaanishi kansa ya damu imeisha

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu tuko nae Tukuyu, ana CML (aina ya kansa ya damu), alianzishiwa kidonge cha imatinib mg 400 kila siku. Baada ya mwaka FBP ikawa safi, bandama ikanywea, akaacha dawa akahamia unga wa mizizi wa "kusafisha uboho". Sasa chembe nyeupe zimepanda tena na muuza unga anasema mwili ulishazoea kidonge cha hospitali. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na hii ya "mwili umezoea dawa" naisikia karibu kila kliniki mpaka nachoka.

FBP inahesabu chembe zilizopo kwenye damu, basi. CML inaanzia ndani ya uboho wa mifupa kwenye seli shina, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu, pale vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vilipobadilishana nafasi vikazaa jeni BCR-ABL1 inayoamrisha seli izaliane bila kupumzika. Imatinib inaziba hiyo protini ya BCR-ABL1 na seli changa zinakufa vizuri tu, ndo maana damu inapendeza. Shida ni baadhi ya seli shina zenyewe, zimelala, hazigawanyiki, zinapata uhai kutoka kwa majirani zao humo kwenye uboho wala hazihitaji BCR-ABL1 ili ziishi, na zingine zina pampu za kuitema dawa nje. Hizo imatinib haiziui, inawazuia watoto wao tu. Wewe wa Tukuyu unaujua mgomba, fyeka shina utakavyo, kisiki kipo chini.

Kwa iyo mzee hajapata usugu, ameacha dawa. Wengi wakirudishiwa ileile inashika tena, mradi ugonjwa haujasonga hatua ya juu, kwa iyo mrudishe kliniki wiki hii hii.

Usugu wenyewe ni kitu kingine, BCR-ABL1 inabadilika umbo dawa ikose pa kukaa. Mbaya zaidi ni badiliko liitwalo T315I, hilo linazigomea imatinib na dada zake dasatinib na nilotinib zote, unabaki na ponatinib au asciminib, nenda kaulize bei uone. Na kumeza leo kesho unaruka ndo kunaupa ugonjwa nafasi ya kufika huko.

Wapo wanaoachishwa dawa kwa mpango, sibishi. Ila hao wamemeza miaka isiyopungua 3, PCR ya BCR-ABL1 (kipimo kinachosoma jeni hiyo imebaki kiasi gani) imekaa chini sana miaka 2 au zaidi, na wakiacha wanapimwa kila mwezi mwanzoni, na bado kwa karibu nusu yao inarudi. FBP haimo kwenye vigezo hivyo hata kidogo. Mashine ya GeneXpert mnayoijua kwa TB ina katriji (kichupa cha kupimia) yake ya BCR-ABL1, muulizeni daktari wake.

Sasa huo unga. Imatinib inavunjwavunjwa kwenye ini, na kuna mitishamba inayoharakisha kazi hiyo (hata rifampisini ya TB inafanya hivyo), unameza kidonge kamili lakini kwenye damu kinafika kiduchu. Kwa hiyo hata anayechanganya vyote viwili "kwa usalama" anajimaliza. Sisi watu wa nyanda za juu tulipanga foleni ya kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo 2011, na leo yuleyule anayeuza dawa ya vidonda vya tumbo kwenye basi anauza ya kusafisha uboho, ya sukari na ya presha, chupa moja! Muulize PCR ya wateja wake ilisoma ngapi.

Unga uliobaki usiutupe, nendeni nao kliniki.