Safari ya Barbados: majibu kwa wasomaji wanaojiandaa

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu Barbados, kisiwa cha Karibi chenye urefu wa kilomita 34 hivi na upana wa kilomita 23, ambacho ni jamhuri tangu tarehe 30 Novemba 2021. Naanza na swali ambalo likipuuzwa, mengine yote hayatakuwa na kazi.

Nimeshahakikisha kwamba pasipoti yangu ya Kenya inanitosha kuingia Barbados. Je, kuna karatasi nyingine? (Msomaji, Mombasa)

Ipo, na ndiyo inayowakwamisha wengi. Hakuna ndege inayotoka Afrika Mashariki moja kwa moja hadi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, kwa hiyo ni lazima ubadilishe ndege njiani, na kila nchi unayopitia ina sheria zake. Marekani humtaka Mkenya awe na viza hata kama atakaa uwanjani saa mbili tu akisubiri ndege nyingine. Uingereza nayo hudai viza ya kupita kwa Wakenya, Watanzania na Waganda, isipokuwa kwa wachache wenye msamaha, kwa mfano walio na viza halali za nchi fulani kama Kanada. Tena isome tiketi yako kwa makini: ukishuka Heathrow na ndege ya pili ikaondokea Gatwick, uwanja mwingine wa London, itakubidi upite uhamiaji na kusafiri kwa barabara kati ya viwanja hivyo, na viza ya kubaki ndani ya uwanja haitakusaidia. Namfahamu mama mmoja aliyezuiwa kaunta huku mizigo yake imeshapimwa, kwa kuwa wakala aliyemuuzia tiketi hakumtajia neno hata moja kuhusu viza ya kupita. Fedha zake hazikurudi. Nakuomba uulize ubalozi wa nchi unayopitia kabla hujalipa.

Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana Barbados hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, basi usiliache jambo hili hadi wiki ya safari.

Tunakwenda na watoto wa miaka 6 na 9. Tuogelee wapi? (Msomaji, Tanga)

Kaeni upande wa magharibi na kusini-magharibi, ambako bahari ni tulivu. Carlisle Bay, karibu kabisa na Bridgetown, ina mchanga mweupe na maji ambayo mtoto anaweza kuingia akiwa ameshikwa mkono. Upande wa mashariki ni habari nyingine. Pale Bathsheba mawimbi huja kutoka Atlantiki bila kizuizi, kwani kati ya ufuko huo na bara la Afrika hakuna nchi kavu. Ni mahali pazuri pa kutazama miamba mikubwa na vijana wanaoteleza juu ya mawimbi, lakini mkondo wake humvuta hata muogeleaji hodari. Msiwaruhusu watoto kuingia huko, hata maji yakionekana yametulia.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana kwetu, nayo ni mti uitwao manchineel. Huota ufukweni, una majani ya kijani yanayong'aa na vitunda vidogo vinavyofanana na tufaha changa, tena vina harufu nzuri, jambo linalowafanya watoto wavitamani. Tunda lake ni sumu, na utomvu wake mweupe huichoma ngozi hadi ikatoka malengelenge. Mvua ikinyesha, msijikinge chini yake, kwa maana matone hushuka na utomvu huo. Mingi imepakwa rangi nyekundu kwenye shina au kuwekewa kibao cha onyo, lakini si yote. Waonyesheni watoto mti wenyewe siku ya kwanza.

Je, nibebe fedha gani, na usafiri wa kawaida ukoje? (Msomaji, Dodoma)

Dola 2 za Barbados ni sawa na dola 1 ya Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1975. Dola za Marekani hupokelewa karibu kila mahali, ila chenji utarudishiwa kwa fedha ya kisiwa. Mabasi ya serikali ni ya buluu yenye mstari wa njano, mabasi madogo ya watu binafsi ni ya njano yenye mstari wa buluu, na vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee ndivyo vitakavyokukumbusha daladala, kwa muziki na kwa kubanana. Vituo vina vibao vinavyoeleza kama basi linaelekea mjini au linatoka mjini. Kisome kabla ya kupunga mkono. Teksi hazina mita, hivyo patana bei ukiwa bado nje ya gari.

Chaja zetu zitafanya kazi huko? (Msomaji, Kampala)

Umeme wao ni volti 115, na soketi zao hupokea plagi za Kimarekani zenye vichwa viwili bapa. Soma maandishi madogo nyuma ya chaja: ikiandikwa 100–240, unahitaji adapta tu. Pasi na birika la volti 240 viache nyumbani.

Kuna mavazi yanayokatazwa? Na chakula? (Msomaji, Zanzibar)

Nguo zenye mabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia wote, watoto wakiwemo, na hukumu yake ni ya kisheria. Usipakie hata kofia. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, si za dukani. Uingiapo dukani au kwenye basi, anza na salamu, kwa maana wenyeji huhesabu ukimya kuwa ni utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu.

Chakula chao cha taifa ni cou-cou, yaani unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, kikiliwa na samaki arukaye katika mchuzi. Aliyezoea ugali hatapata shida. Maji ya bomba ni salama kunywa bila kuchemshwa.

Twende mwezi gani? (Msomaji, Nairobi)

Desemba hadi Aprili ni wakati wa ukavu, na bei huwa juu. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Barbados iko mashariki ya visiwa vingine na mara nyingi hunusurika, lakini Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake na kuharibu mashua nyingi za wavuvi. Ukichagua miezi hiyo kwa sababu ya unafuu wa bei, nunua tiketi inayobadilishika.