Muulize Fundi: Trekta chini ya mwembe

Mwezi huu barua za matrekta madogo ya zamani zimezidi zile za pampu na jenereta, nami nimefurahi sana. Nimechagua nne. Mbili nimezijibu kwa kirefu, maana moja inahusu chuma kinachokaribia kwenda kwenye mizani ya skrepa na nyingine inahusu usalama wa kijana.

*Shikamoo Fundi. Baba yetu alifariki mwaka juzi akatuachia trekta dogo sana, ukilikalia magoti yanakaribia kugusa usukani. Rangi ya njano na nyeupe bado inaonekana kwenye madigadi. Limekaa chini ya mwembe miaka 14. Injini ni ya petroli, silinda moja, imeandikwa Kohler, na haizunguki kabisa. Wazee wa hapa wanasema ni mabaki ya Waingereza wa karanga. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshakuja mara mbili na ndugu zangu wanataka tuuze kwa kilo. Nifanyeje? – Msomaji, Urambo*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Waambie ndugu zako wasubiri mwezi mmoja tu. Chuma hakiozi kwa mwezi mmoja.

Tuanze na hilo la karanga. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulifika kweli hapo Urambo, na ulileta mitambo ya kutisha. Baadhi ya matrekta yake yalikuwa vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea miti. Lakini serikali yao iliufuta Januari 1951. Trekta lako, kwa rangi hizo, udogo huo na injini hiyo, naona ni Cub Cadet ya kampuni ya Marekani ya International Harvester, na Cub Cadet ya kwanza ilitoka 1961. Kwa hiyo haliwezi kuwa la watu wa karanga, walikuwa wameshaondoka miaka kumi nyuma. Nadhani lilikuja na mzungu wa misheni au wa tumbaku. Wamarekani walitengeneza matrekta ya aina hii kwa mtu mwenye kiwanja kikubwa nyumbani, akate majani, alime bustani ya mboga, na kipindi cha baridi asukume theluji mlangoni. John Deere nao walitoa la kwao, namba 110, mwaka 1963. Wenzao wa kampuni ya Wheel Horse walikuwa wameshatangulia. Leo kuna watu huko wanayakusanya na kuyafufua, ndiyo maana pointi, gasketi na ringi zake bado zinapatikana madukani.

Kabla hujagusa kitu kingine, tafuta vibao vya namba, cha trekta na cha injini. Vifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu, mpaka usome, kisha vipige picha. Nakusihi usitumie brashi ya waya wala grinda. Nikiwa kijana niliwahi kusafisha injini ya mteja kwa brashi ya waya ya kuzungusha, na kibao kikatoka cheupe kama sahani. Namba ikapotea. Ulipofika wakati wa kuagiza pistoni hatukujua hata ni injini ya ukubwa gani, na ilinibidi nimweleze yule mzee uso kwa uso. Namba za Kohler za enzi hizo huanza na herufi K. K181 ni ya nguvu farasi 8, K241 ni ya 10, K301 ni ya 12. Ukiijua namba hiyo, kila kitu kingine unaagiza bila kubahatisha.

Sasa pistoni iliyogoma. Hapa ndipo injini nyingi huuawa. Mtu anachukua nyundo, au anafunga kamba analivuta trekta kwa Fuso likiwa kwenye gia. Konektingi rodi, ule mkono unaoshika pistoni kwa chini, inapinda au inakatika, halafu wanasema injini ilikuwa mbovu. Fanya hivi. Injini hii valvu zake ziko ubavuni mwa silinda, kwa hiyo kichwa ni kama mfuniko tu. Toa plagi, fungua bolti za kichwa kidogo kidogo kwa kupokezana, kinyanyue. Utaiona pistoni na utaona imesimama wapi. Kama iko chini, sehemu ya silinda iliyo juu yake ina kutu, nayo uiondoe kwanza kwa msasa laini uliolowa mafuta, la sivyo pistoni ikipanda itakwama tena hapo hapo. Kisha mimina juu ya pistoni mchanganyiko wa dizeli na ile oili nyekundu ya gia ya otomatiki, nusu kwa nusu. Funika kwa kitambaa, uache. Kesho yake utakuta imepungua, ongeza. Iache siku nne, hata wiki. Kila jioni shika gurudumu zito la injini kwa mikono, lisukume mbele, lirudishe nyuma. Usitumie nguvu za hasira. Siku moja utalisikia limecheza, unene wa ukucha tu. Hapo usiendelee kuzungusha kwa furaha. Ongeza mafuta, rudi kesho. Ikiwa lazima ugonge, weka kipande cha mbao laini juu ya pistoni na ugonge kama unayepigilia msumari kwenye ukuta wa udongo.

Ikishazunguka, mwaga oili yote ya chini. Ile dizeli imeshuka humo, na injini hii haina pampu ya oili. Hujilainisha kwa kurusha oili na kijiko kilicho chini ya konektingi rodi, hivyo oili iliyochanganyika na dizeli itaiua kwa dakika chache. Weka mpya namba 30.

Halafu tazama pale ambapo hapatazamwi. Fungua bati linalofunika feni. Injini inapozwa kwa upepo, na baada ya miaka 14 chini ya mwembe nina hakika panya wamejaza nyasi katikati ya mapezi ya silinda. Chungulia eksozi pia. Wale nyigu wafinyanzi wetu hawaachi tundu, nimewahi kuchokonoa udongo wao mpaka ukajaa kikombe cha chai. Wanapenda na mdomo wa kabureta. Vijitundu vya kabureta visafishe kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, usitumie waya wa chuma, kwani ukikwaruza jeti mchanganyiko wa petroli hautakaa sawa tena.

Umeme wake ni rahisi kuliko wa pikipiki. Pointi, vile vyuma viwili vinavyofunga na kufunguka ili cheche iruke, ziko nje, ubavuni, chini ya kifuniko kidogo. Zipanguse, zipime zikiwa wazi kabisa, fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.5 ipite kwa kugusagusa. Kwenye gurudumu zito utaona herufi T na herufi S. T ni pistoni ikiwa juu kabisa. S ndipo pointi zinapoanza kufunguka na cheche kuruka. Na kama stata yake inaendeshwa kwa mkanda, jua kwamba hiyo hiyo ndiyo dainamo inayochaji. Betri ikiwa imekaa bila kuunganishwa, basi ukishaiunganisha na kabla ya kuwasha, gusanisha kwa waya mfupi terminali ya BAT na ya GEN kwenye regyuleta, kile kiboksi kinachodhibiti chaji, mguso mmoja wa haraka, cheche moja basi. Usipofanya hivyo huenda lisichaji, nawe utanunua dainamo bure.

Rangi iwe ya mwisho. Niandikie siku litakapopumua.

*Habari za kazi Fundi. Nina trekta la bustani la Kimarekani, beringi za mbele zimekwisha. Nimezunguka maduka yote ya Kigoma mjini, wote wanasema spea za mashine hiyo hazipo. Je, niagize Marekani? – Msomaji, Ujiji*

Nzuri ndugu yangu. Umeuliza swali ambalo muuza duka lazima alijibu hapana. Usiende na jina la trekta, nenda na beringi yenyewe mkononi. Ioshe kwa petroli, soma namba ubavuni. Beringi ya 6204 ni milimita 20 kwa 47 kwa 14, ya 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15, iwe imetengenezwa Marekani, Japani au China, imetoka kwenye trekta au kwenye mashine ya kusaga. Mambo ni hayo hayo kwa oili sili, vipimo vitatu tu, tundu la ndani, upana wa nje na unene. Kama namba imefutika, ipime kwa kalipa. Zikiwa za vipimo vya inchi utasumbuka zaidi, lakini hata hizo zina namba zake. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi pamoja na pointi, nayo huhitaji kuagiza, ya gari lolote la zamani la petroli lenye pointi itafanya kazi ukiifunga vizuri. Hifadhi hela ya kuagiza kwa vitu visivyo na mbadala, yaani ringi, pistoni na gasketi ya kichwa.

*Fundi, trekta la nguvu farasi 10 linaweza kulima ekari ngapi? – Kijana, Sikonge*

Mwanangu, kama unawaza shamba la tumbaku au pori jipya, acha. Visiki vya miombo vitalimaliza wiki ya kwanza. Kazi yake ni bustani. Plau ya jembe moja kwenye ardhi ya mchanga iliyokwisha kulimwa, baada ya mvua za kwanza za Novemba, udongo ukiwa laini. Kuvuta tela la samadi au mapipa ya maji. Kukata majani. Kwenye mbuga nyeusi usiliingize likilowa. Na pima oili kila unapoliwasha, hasa ukifanya kazi kwenye mteremko, kwa sababu niliyoieleza juu ya kijiko.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne. Marehemu mume wangu aliacha Ferguson ndogo ya kijivu, ya petroli. Inawaka, lakini plau hainyanyuki na oili ya gia imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Fundi wa hapa alifunga swichi ya kubonyeza ili stata ipige, na sasa anataka kuipiga rangi nyekundu. Kijana wangu wa miaka 19 ndiye ataendesha. Nikubali? – Mama, Kasulu*

Marahaba mama yangu, na pole kwa kuachiwa mzigo peke yako.

Rangi nyekundu hapana. Hiyo ni Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni, na rangi yake ya kiwandani ni kijivu. Nyekundu ni ya Massey Ferguson zilizokuja baadaye. Trekta za aina hiyo ndizo Edmund Hillary, mpanda milima wa New Zealand, alizifikisha Ncha ya Kusini mwa dunia Januari 1958, kwenye barafu tupu. Iacheni na rangi yake.

Oili nyeupe ni maji. Mvua inaingia pale mkono wa gia unapotokea, mpira wake umeshachanika. Na kwenye trekta hii oili ya gia ndiyo hiyo hiyo inayonyanyua plau, kwa hiyo maji yanaharibu vyote viwili. Mwageni yote, suuzeni kwa dizeli, mwageni tena, wekeni mpya. Kisha kata kipande cha tyubu ya tairi, kivishe kwenye shina la mkono wa gia, kikaze kwa klipu. Kuhusu kunyanyua, kabla hujamlipa mtu kufungua pampu, angalia ule wenzo mfupi wa ubavuni wa kuunganisha shafti ya nyuma. Pampu inazungushwa na shafti hiyo. Wenzo ukiwa umeachia, plau hainyanyuki hata kama pampu ni mpya. Na ukikanyaga klachi mpaka chini, kunyanyua kunasimama pia. Nimeona watu wawili wakinunua pampu kwa kutojua hilo tu.

Sasa swichi. Hili ndilo lililonifanya niiweke barua yako mwezi huu. Ferguson haikukosa swichi. Swichi yake ni mkono wa gia wenyewe. Ukiupeleka kwenye herufi S, stata inapiga. Walifanya hivyo makusudi, kwa maana mkono ukiwa kwenye S hauwezi kuwa kwenye gia, na trekta haliwezi kuruka linapowashwa. Swichi ya kubonyeza inaondoa ulinzi huo. Mimi nilikuwepo, hapa Tabora, kijana aliposimama chini pembeni ya gurudumu la nyuma akabonyeza swichi ya namna hiyo, trekta likiwa kwenye gia ya kwanza. Lilimpita kwenye mguu, likabomoa ukuta wa jiko, likaendelea kusukuma matofali mpaka mtu akachomoa waya. Kijana yule hadi leo anachechemea. Alikuwa na umri wa mwanao.

Mwambie fundi aitoe swichi hiyo na afungue ile ya asili iliyo chini ya mkono wa gia. Mara nyingi ni kutu na maji yale yale yaliyoingia kwenye oili. Isafishwe, irudishwe. Kisha jaribuni hivi mbele yako wewe mwenyewe. Gia zake ni nne za mbele na moja ya nyuma. Kijana akae kwenye kiti, afungue ufunguo, apeleke mkono kwenye kila gia, moja moja. Stata isisikike. Afike kwenye S, ipige. Ikiwa hivyo, mwachie ufunguo.