Geuza Koti Ndani Kwanza: Mahali Ninapopenda Kununua Nguo Nzuri

Juma lililopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Morogoro anayefunga ndoa mwezi Desemba. Ameweka akiba kwa miaka miwili, atapitia Dubai kwa siku moja akirejea kutoka masomoni, na anataka nimtajie duka moja tu ambalo ataingia na kutoka na suti ya harusi. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa sababu alichokipanga yeye ndicho nilichokifanya mimi mwaka 2011.

Mwaka huo nilikuwa na saa tisa za kusubiri ndege katika mji huohuo. Niliingia duka lenye jina kubwa, ambalo sitalitaja, na kwa fedha zinazokaribia mshahara wangu wa miezi mitatu nikanunua suti ya buluu iliyoiva. Muuzaji aliyasifu mabega yangu, nami nikaamini. Haikutimia miezi minane, baada ya dobi kulipiga koti pasi mara ya nne, kifua chake kikaanza kuota malengelenge. Niliwaandikia wenye duka, wakanijibu kwamba hali ya hewa ya Dar es Salaam ndiyo iliyoliharibu. Jibu hilo linaniuma hadi leo, maana Dubai kuna joto kuliko kwetu, na mtu anayeuza koti huko anapaswa kujua joto ni nini.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa Tanga, mzee aliyekuwa akimshonea marehemu baba kanzu za melimeli. Alifumua bitana taratibu, akanionyesha kwamba kifua cha koti langu kilishikizwa kwa kitambaa cha gundi, na gundi ile ilikuwa imeachia. Koti lililoshonwa kwa uaminifu huwekewa katikati kitambaa kilichofumwa kwa singa za farasi, kikashikizwa kwa mishono midogo ya mkono, ili kifua kifuate mwili wa mvaaji. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei, mimi hugeuza koti ndani. Kisha hubana kitambaa kwa vidole viwili chini ya tundu la kifungo cha mwisho na kuyavuta matabaka. Nikihisi tabaka la tatu, yaani kile kitambaa cha singa, likiteleza peke yake katikati, naendelea na mazungumzo. Nisipolihisi, naaga.

Mwaka 2014 kazi ilinipeleka London, na Jumamosi ya kwanza nilikwenda Savile Row, mtaa wa mafundi wa suti. Ni mtaa mfupi kuliko nilivyodhani. Henry Poole, nyumba ya ushonaji iliyoanzishwa mwaka 1806, imekuwa na uhusiano na mtaa huo tangu mwaka 1846, na ndiyo inayotajwa kwamba ilimshonea mrithi wa kiti cha Uingereza koti fupi la chakula cha jioni mwaka 1865. Hata hivyo, kilichonishika si majina. Ukisimama kwenye vyuma vya kando ya njia na kutazama chini, unaona madirisha ya vyumba vya chini ya ardhi, na ndani yake mafundi wameinamia kazi. Suti moja huko hula saa zisizopungua 50 za kazi ya mkono, na bei yake katika nyumba kongwe hupita pauni 5,000. Sikushona suti huko, na sioni haya kusema hivyo. Nilinunua kitambaa cha sufu kilichofumwa Huddersfield, mji wa Uingereza, cha nyuzi zilizosokotwa sana, kinachopitisha upepo na kukataa mikunjo, nikakihifadhi kwa miaka miwili.

Kitambaa hicho ndicho kilichonifikisha Napoli, Italia, mji ninaoupenda kuliko yote kwa jambo hili. Huko wanalijua joto. Katika miaka ya 1930, ndani ya duka la Gennaro Rubinacci, fundi Vincenzo Attolini aliondoa pamba za mabegani na sehemu kubwa ya bitana, koti likawa jepesi karibu na shati, na mkono ukashonwa kwa mikunjo midogo begani kama wa shati. Fundi wangu alifanyia kazi ghorofa ya pili ya nyumba ya watu, bila kibao mlangoni. Aliniketisha, akanisimamisha, akanitaka ninyooshe mkono kana kwamba napokea kikombe, na ndipo akaweka alama ya chaki kwapani. Ilinibidi nirudi baada ya miezi mitano kwa ajili ya kujaribisha.

Mwezi uliopita niliivaa suti hiyo katika harusi ya mpwa wangu. Nimenenepa, lakini fundi wa Napoli aliacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono, na mzee wa Tanga akaipanua kwa sentimita tatu. Kabla ya kukata uzi aliikodolea macho mishono ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu aliyeshona ni mtu." Sijawahi kusifiwa vazi kwa namna iliyonifurahisha zaidi.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, acheni kununua jina. Acheni pia kubabaishwa na namba. Muuzaji akikwambia kitambaa ni Super 150, anazungumzia wembamba wa sufu, usiozidi maikroni 16.25 kwa namba hiyo (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Sufu nyembamba hivyo ni laini kweli, lakini huchoka upesi kwa mtu anayebanana kwenye daladala kila asubuhi. Geuza koti ndani. Kofia ni vivyo hivyo: Lamu, au soko la Muttrah kule Muscat, igeuze uone upande wa ndani kama mshono wa mkono umetulia, kwa kuwa mashine huiga upande wa juu tu.

Kijana wa Morogoro nimemwambia asinunue suti Dubai. Avuke hori kwa abra, mashua ndogo za huko, hadi soko la vitambaa la Bur Dubai, achague sufu iliyosokotwa sana, aje nayo nyumbani, na ampate fundi atakayekubali kumjaribisha mara mbili kabla ya Desemba. Jana aliniuliza kama mita tatu na nusu zitamtosha, kwa kuwa yeye ni mrefu. Nimemwambia achukue nne, akiba ibaki ndani ya mishono.