Madiwani wetu na bunge la kaunti: jibu kwa aliyeuliza kutoka Mkinga

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini madiwani wa huku kwetu Tanzania hawamkatai mkurugenzi wa halmashauri, hawafuti ushuru na hawaongezi fedha za shule, ilhali ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya unakuta Bunge la Kaunti ya Kwale likihoji wateule wa gavana na kupitisha sheria ya fedha kila mwaka. Nimewahi kuwa diwani katika mojawapo ya halmashauri 11 za mkoa wetu wa Tanga, nayo nitaomba nisiitaje, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona nikiwa ndani ya vikao.

La uteuzi ni fupi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka gavana apate idhini ya bunge la kaunti kabla ya kuwaapisha mawaziri wake. Kwetu mkurugenzi huteuliwa na Rais, na baraza humpokea kama lilivyompokea aliyemtangulia. Tunachochagua sisi ni mwenyekiti wetu, au meya kwa wenzetu wa Jiji, pamoja na makamu wake. Nguvu iliyobaki ni ya nidhamu kwa baadhi ya watumishi wa halmashauri, pale baraza linapokaa kama kamati na wageni wakaombwa kutoka nje. Hata hapo walimu hawamo, kwa sababu tangu mwaka 2016 mashauri yao ya nidhamu yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Diwani anayeahidi jukwaani kwamba atamfukuza mwalimu mkuu anaahidi kisicho chake.

Kwenye ushuru ndiko wananchi wanakopoteza zaidi, na kwa kiasi kikubwa wanapoteza kwa kutokuwapo. Viwango vya juu huwekwa na Bunge la Dodoma: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa tozo hiyo. Kodi ya majengo nayo ilikwisha kutoka mikononi mwa halmashauri, na tangu mwaka 2021 unailipa ndani ya LUKU, yaani unaponunua umeme. Lakini ada za soko, za mnada, za maegesho na nyinginezo ndogo ndogo bado zinatungwa na baraza kwa sheria ndogo, na rasimu yake ni lazima ibandikwe hadharani ili watu watoe pingamizi kabla ya kwenda kwa Waziri kuidhinishwa na hatimaye kutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Sasa nenda ofisi yoyote ya kata ukautazame huo ubao wa matangazo. Utakuta rasimu imefunikwa na ratiba ya chanjo na tangazo la mbuzi aliyepotea. Mwaka mmoja menejimenti ilituletea marekebisho yaliyokuwa na tozo kwa kila tenga la machungwa linalopita getini, yaani kwenye kizuizi cha ushuru, bila kutofautisha lori la mnunuzi anayepeleka Mombasa na bodaboda ya mama anayekwenda kuuza matenga mawili. Niliiomba nakala, nikaipeleka kwa wachuuzi wa sokoni, nao wakaandika pingamizi la ukurasa mmoja lililosema jambo moja tu, kwamba mzigo wa chini ya tani haupaswi kuguswa. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ilikiondoa kifungu hicho bila mjadala mrefu, maana mwanasheria wa halmashauri alijua kwamba hakingepita wizarani. Pingamizi lile lingeletwa baada ya tangazo la Gazeti, lingekuwa malalamiko ya getini kama mengine yote.

Kuhusu shule, kwanza nikurekebishe kidogo kuhusu Kwale. Kwa mujibu wa Katiba yao, kaunti ina dhamana ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Kwale ilisifika kwa mpango wa Elimu ni Sasa, enzi za Gavana Salim Mvurya, lakini ule ulikuwa msaada wa karo, haukuifanya kaunti kuwa mwenye shule. Kwetu ni kinyume: shule ni za halmashauri, ila fedha zake nyingi zinatoka juu zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi.

Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazoingia moja kwa moja katika akaunti ya shule, nyingine zikienda kwenye vitabu. Shule yenye watoto 600 inapata shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati na kila kitu. Baraza haliwezi kuziongeza wala kuzipunguza. Darasa moja la ule mpango wa fedha za UVIKO-19 wa mwaka 2021 lilipangiwa shilingi milioni 20, kwa hiyo anayeiuliza kamati ya shule kwa nini haijajenga darasa hajafanya hesabu.

Kinachobaki mikononi mwa madiwani ni mapato ya ndani, na hayo nayo yakishatolewa asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mgawo wa miradi huwa mwembamba na kila kata inaukodolea macho. Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipo. Katika vikao vyangu, kata iliyopata ni ile iliyokuja na boma, yaani jengo lisiloezekwa, lililokwisha kufika kwenye lenta kwa nguvu za wananchi, likiwa na muhtasari wa mkutano wa kijiji na wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani aliyesimama na hotuba tupu alipigiwa makofi, akarudi mikono mitupu. Nilimwonea huruma mwenzangu mmoja, msemaji hodari kuliko sisi sote, ambaye kata yake ilipitwa tena na tena kwa sababu vijiji vyake havikuwa vikiandika mihtasari.

Sasa turudi kwenye shule yako ya Mkinga. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini makisio ya bajeti huwa yanapikwa tangu mwishoni mwa mwaka wa kalenda unaotangulia, na yakishapita kwenye baraza mwanzoni mwa mwaka mpya yanakwenda mkoani na Dodoma, ambako kuingiza jipya ni kazi ngumu mno. Mwombe mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano mapema, mnamo Oktoba au Novemba, ombi la matundu ya vyoo au la kuezeka liingie katika muhtasari likiwa na idadi ya wanafunzi na kiasi ambacho wananchi wamekwisha kuchangia, kisha mumkabidhi mtendaji wa kata nakala moja na diwani nakala nyingine. Kikao cha baraza cha kila robo mwaka ni cha wazi, nawe una haki ya kwenda kukaa nyuma na kusikiliza iwapo kata yenu imetajwa.