Mwanangu, weka panga chini kwanza

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku na picha nimeziona. Unauliza kama miche yako ya maparachichi iliyopigwa na sakitu, ile baridi inayogandisha umande, uing'oe na kupanda mingine, au ukate palipokauka, utie mbolea ichipue haraka. Usifanye hata moja. Weka panga chini kwanza.

Majani kuwa ya kahawia kama yaliyobabuliwa na moto si kusema mche umekufa. Kwangua ganda kwa ukucha, ukianzia kileleni na kushuka. Ukikuta kijani chenye majimaji, hapo pana uhai. Ukikuta kahawia pakavu, shuka tena. Na hata ukishajua, usikate. Tupo Agosti, kipupwe hakijatuaga. Hayo majani makavu yanayokukera ndiyo blanketi la vijiti vya ndani, na mche wenyewe bado haujaonyesha umekufa hadi wapi. Ngoja uchipue, ukifika msimu wa mvua mwezi Novemba ndipo ukate, juu kidogo ya pale palipochipua.

Nayajua haya kwa kuwa yalinikuta. Ulikuwa kidato cha pili, sakitu ikapiga miche yangu kumi na minane kule bondeni. Kesho yake tu nikaingia na kisu, nikaisafisha ikabaki vigutu. Ikachipua upesi, nikafurahi. Wiki tatu baadaye ikaja sakitu ya pili, ikababua vichipukizi vyote. Ilipona miwili, nikaitunza kama yai. Kumbe ilikuwa imechipua chini ya kinundu cha kubebeshea, pale kikonyo cha parachichi aina ya Hass kilipounganishwa kwenye mche wa kienyeji! Hass ilishakufa zamani, mimi nalea miti ya kienyeji. Nilikuja kujua siku ilipozaa: maparachichi marefu, ngozi laini ya kijani. Mnunuzi akaligeuza moja mkononi, akanirudishia bila neno. Baba yako ananicheka hadi leo.

Kwa hiyo kitafute hicho kinundu kwenye kila mche. Kinachochipua chini yake kivunje kingali laini. Kama juu ya kinundu pamekauka shina zima, huo tu ndio wa kung'oa.

Sasa shina limebaki uchi, na jua la mchana huku kwetu juu linaunguza ganda hadi linapasuka. Lipake chokaa, pamoja na matawi manene, au rangi nyeupe ya maji uliyoichanganya na maji nusu kwa nusu. Mbolea iache hadi vichipukizi vikomae. Maji nayo punguza: mche usio na majani haunywi kama zamani, na mizizi ya parachichi huoza upesi ikikaa kwenye tope. Ingiza kidole udongoni. Pakiwa na unyevu, pita.

Ningekukaripia kwa mahali ulipopanda, ila nimechelewa. Hewa ya baridi ni nzito; usiku wa nyota usio na upepo inateremka mlimani kama maji na kutuama kwenye vinyungu, mashamba ya bondeni kama lako. Ndiyo maana miche ya jirani yako pale mtelemkoni haikuguswa. Na ule ua wako wa matete upande wa chini unaizuia kama bwawa, toboa pengo ipite. Mwakani, ikifika Juni, ondoa nyasi ulizotandaza shinani na umwagilie kidogo, ili udongo unywe joto la mchana na kulitoa usiku. Halafu kila mche usimikie vijiti vinne, tandika viroba juu yake bila kugusa majani, vishuke hadi chini. Asubuhi jua likitoka, funua. Ukisahau kufunua utaipika.

Jumamosi nakuja na gari la asubuhi. Usinunue chokaa, ninayo nusu ndoo iliyobaki tulipopaka jiko. Tafuta brashi tu, ya kwangu wajukuu wameifanya farasi.

Mama yako