Picha tu inaweza kuingiza virusi kwenye kompyuta?

Ndiyo ndugu, hata bila kuibofya. Umeuliza itawezekanaje wakati picha si programu: kasoro huwa kwenye maktaba, yaani kifurushi cha msimbo ambacho programu hutumia kuifungua. Septemba 2023 ilibainika moja ndani ya libwebp, maktaba inayofungua picha za aina ya WebP; namba yake rasmi ni CVE-2023-4863. Picha ya WebP iliyotengenezwa kwa hila ilifanya majedwali ya Huffman (yanayotumika kufumbua data iliyobanwa) yazidi nafasi yaliyotengewa kwenye kumbukumbu. Data ikamwagika nje, na mshambuliaji akapata upenyo wa kuendesha msimbo wake.

Fungua chrome://version. Ikiwa toleo lako la Chrome liko chini ya 116.0.5845.187, lililoziba kasoro hiyo, sasisha leo. Firefox iwe 117.0.1 au zaidi. Kisha funga kivinjari kabisa na ukifungue upya, la sivyo toleo la zamani litaendelea kufanya kazi.

Wengi husahau programu za Electron, yaani zilizojengwa juu ya kivinjari kilichofichwa ndani yake, kama Slack na Discord. Kila moja hubeba nakala yake ya libwebp, kwa hiyo kusasisha Chrome hakuzigusi; zisasishe moja moja. Kwenye Ubuntu, andika kwenye terminali sudo apt update halafu sudo apt upgrade. Usishtuke libwebp ikibaki chini ya 1.3.2, toleo lililorekebishwa: Ubuntu hupachika kiraka (marekebisho) kwenye toleo la zamani.

Na kubadili mwisho wa jina la faili kutoka .webp kuwa .jpg ni kujidanganya. Programu nyingi hutambua aina ya picha kwa kusoma baiti za mwanzo za faili, ambazo kwa WebP ni herufi RIFF na WEBP, si jina la faili.