Barua kwa mwanangu: neno nililokusemea kwa jina la Mungu

Ndanda, Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa sauti wa Jumanne usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza niliukatisha katikati, maana nilikusikia unavyojikaza usilie. Umeniuliza hivi: "Mama, Biblia imejaa ahadi. Ombeni nanyi mtapewa. Huu mwaka wa sita naomba mtoto. Ama ahadi hizo si zangu, ama mimi sina imani. Ni lipi?" Halafu ukanieleza habari za yule jirani yako wa hapo Mbagala, aliyekupeleka kwa mchungaji anayesema ahadi ya Mungu inadaiwa, na kwamba ukipanda mbegu ya laki tano kwa imani, kabla mwaka haujageuka utapakata mtoto.

Sikutaka kukujibu kwa simu. Katika jambo hili nina deni kwako la miaka mingi, na deni halilipwi kwa haraka.

Mwaka baba yako alipougua ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja likizo ya Juni ukamkuta amekonda, macho yamekuwa ya manjano. Ukanifuata jikoni, natwanga kisamvu, ukasimama mlangoni ukauliza, "Mama, baba atapona?" Nikakujibu, "Atapona. Mungu ameahidi. Imeandikwa, kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Nilisema hivyo bila kuweka mchi chini, wala sikukutazama usoni. Nilikuwa naogopa kuliko wewe.

Tulimzika Septemba, mikorosho ikiwa na maua. Ulirudi shule, na kanisani hukukanyaga tena mpaka Krismasi ya mwaka uliofuata. Watu walisema ni ujana. Mimi nilijua ni lile neno la jikoni. Nilikusemea jambo kwa jina la Mungu, jambo ambalo Yeye hakulisema, na lilipoanguka wewe ukadhani ni Yeye aliyeanguka. Nisamehe, mwanangu. Ningekuomba msamaha huu zamani, ila kila nilipojaribu maneno yaliniishia.

Mstari wenyewe wa Isaya 53 hauna kosa. Mtume Petro anaufafanua katika barua yake ya kwanza, sura ya 2: tumeponywa dhambi zetu, maana tulikuwa tukipotea kama kondoo. Mimi niliuchomoa mahali pake nikaubandika kwenye ini la baba yako. Sisemi Mungu haponyi miili. Anaponya, na ndiyo maana tulimwita padre akampa Mpako wa Wagonjwa kama Yakobo anavyoagiza katika sura ya 5. Lakini hata katika sakramenti hiyo Kanisa linatufundisha kwamba mgonjwa hupewa nguvu, amani na maondoleo ya dhambi, na afya ya mwili ikiwa inafaa kwa wokovu wake. Hilo "ikiwa" ndilo nililoliruka.

Tangu hapo nimekuwa mwoga wa kutumia mistari ovyo. Naiona mingi kwenye simu, hasa ule wa Yeremia 29:11, nawe pia uliuweka mwezi uliopita: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mstari mtamu. Lakini naomba usome sura mbili nzima, ya 28 na ya 29, leo ukitoka kazini.

Utaona kwamba ile nayo ni barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Kabla ya barua hiyo kulikuwa na nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vyote vya hekalu vitarudi na mateka wote watarudi. Alimvua Yeremia nira ya mti aliyokuwa ameivaa shingoni, akaivunja hadharani. Hebu fikiria furaha ya watu siku ile. Unajua Yeremia alijibu nini kwanza? Alisema, "Amina, Bwana na atende hivi." Naye alitamani iwe kweli! Lakini baadaye Bwana akamrudisha kwa Hanania na neno hili: unawatumainisha watu hawa maneno ya uongo. Na katika barua, mstari mmoja tu kabla ya ule tunaoupenda, hesabu inatajwa: miaka 70. Wengi waliosikia ahadi hiyo wakiwa watu wazima walijua watazikwa Babeli. Nao waliambiwa wafanye nini? Wajenge nyumba wakae humo, wapande bustani wale matunda yake, wauombee amani mji ule uliowateka.

Mimi jikoni nilikuwa Hanania. Nilitaka miaka miwili wakati Mungu hakusema miwili. Na huyo anayekwambia kabla mwaka haujageuka, muulize kwa upole, ameambiwa na nani? Sitamtukana, simjui. Ila hakuna mahali katika Injili Bwana Yesu alipomtoza mgonjwa kabla ya kumponya, na yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa ameshamaliza fedha zake zote kwa waganga alipogusa vazi lake. Hakuwa na mbegu ya kupanda. Laki tano yako itunze, mbele nitakwambia cha kuifanyia.

Sasa swali lako lenyewe. Mungu ametuahidi nini hasa?

Jibu unalo tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unalikariri kwa katekista huku unatazama nje wenzako wanacheza. Sala ya matumaini: "Mungu wangu, natumaini kwako, nitapewa kwa njia ya Yesu Kristo neema zako duniani na utukufu mbinguni. Kwani ndiwe uliyeagana hayo nasi, nawe mwamini." Kiswahili chake ni cha zamani, na nadhani ndiyo maana tunaipita mbio. "Kuagana" hapo si kupeana kwaheri, ni kufunga agano. Na "mwamini" hapo si mtu anayesali. Ni Mungu mwenyewe, wa kuaminika, asiyegeuka. Siku nilipoelewa hilo nilikuwa nimekaa peke yangu kanisani baada ya Misa, nikairudia taratibu, nikaona jinsi ilivyo fupi orodha ya tuliyoahidiwa. Neema duniani. Utukufu mbinguni. Mume hayumo, mtoto hayumo, bei nzuri ya korosho haimo. Na bado sikujiona nimepunjwa.

Usiku wa mwisho wa baba yako tulisali hiyo, mimi na shangazi yako na mama mmoja wa jumuiya. Alikuwa hawezi tena kusema. Nilikuwa nimemshika mkono, umekuwa mwepesi kama gome la muhogo. Tulipofika "nawe mwamini" midomo yake ikatembea. Sauti haikutoka, lakini niliyaona maneno yote mawili. Haya sikuwahi kukusimulia. Nilihofia utaona kama nakupoza.

Uliponukuu "ombeni nanyi mtapewa" uliishia hapo. Kwa Luka, sura ya 11, maneno hayo yana mwisho wake: ikiwa ninyi mlio waovu mnajua kuwapa watoto wenu vipawa vyema, Baba aliye mbinguni hatazidi sana kuwapa Roho Mtakatifu hao wamwombao? Ahadi ni Roho Mtakatifu. Hiyo haijawahi kurudi mikono mitupu. Mengine tunaomba, tena tuombe kwa nguvu, kwa machozi, kama watoto kwa baba. Lakini tunayaomba, hatuyadai. Hata Bwana wetu bustanini aliomba kikombe kiondoke, na kikombe hakikuondoka. Hakukosa imani. Basi na wewe, likikurudia lile wazo kwamba huzai kwa sababu imani yako ni haba, likatae. Si la Mungu hilo.

Abrahamu aliahidiwa nchi nzima, akafa akimiliki pango la Makpela tu, alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Waraka kwa Waebrania unasema yeye na wenzake walikufa katika imani bila kuzipokea ahadi, bali waliziona tokea mbali, wakazishangilia. Na hapa kwetu je? Wamisionari walianza Lukuledi mwaka 1895. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka, misheni ikateketea, na Askofu Cassian Spiss akauawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Mwaka uliofuata wakaanza upya hapa Ndanda. Hakuna aliyekuwa ameahidiwa kwamba Lukuledi haitaungua. Na ninaposikia watu wanauziwa maji ya kuzuia kila baya, nawakumbuka babu zetu waliopewa maji wakaambiwa risasi zitageuka kuwa maji. Siwacheki hata kidogo. Walikuwa wameonewa, wamelimishwa pamba kwa nguvu, wangeshika nini kingine? Ndiyo maana naogopa sana ahadi anazopewa mtu aliye katika uchungu. Isaya 43 haisemi hutapita katika maji wala motoni. Inasema, upitapo, nitakuwa pamoja nawe.

Kuna mama mmoja katika Biblia ningependa ukae naye wiki hii: Ana, sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza. Si kwa sababu mwishoni alizaa. Najua hadithi za namna hiyo zinakuchoma, kila anayekutumia anakutumia kwa ajili ya mwisho wake. Angalia katikati. Mke mwenzake anamchokoza mpaka hali chakula. Kuhani Eli anamwona midomo inacheza bila sauti, anamdhania amelewa. Naye anajibu kwa heshima kwamba ameimimina roho yake mbele za Bwana. Kisha, mstari wa 18, akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Hiyo ni kabla ya mimba. Bado nyumbani mke mwenzake yupo, bado hana mtoto, na amekula. Mimi nikikuombea naombea mstari huo wa 18, na mtoto naomba pia, kila siku, kwa jina.

Lakini sitakwambia utazaa. Sijaambiwa. Nikikwambia, nitakuwa nimerudi kwenye kinu kile cha kisamvu.

Ile laki tano, chukua wewe na mkwe wangu mwende hospitali, wote wawili, mpimwe. Wote wawili, nasisitiza, asikubebeshe peke yako. Zungumza naye kwa utulivu, ni mtu mwema, nadhani naye anaogopa. Wanaokusema ukweni uwaache waseme. Na Jumapili rudi parokiani kwako hata kama moyo ni mzito. Padre akikuonyesha Mwili wa Kristo, utajibu "Amina". Paulo anasema ahadi zote za Mungu katika Yeye ni Ndiyo, na kwake Yeye tunatoa Amina yetu. Ukishindwa kusali neno lingine lolote siku hiyo, hilo moja linatosha.

Huku tumo kwenye kuokota. Vidole vimebabuka kwa mafuta ya korosho, na mabibo yamejaa hadi nyuki wanatusumbua. Jioni ni rozari, huu mwezi wake, na kesho jumuiya inasali hapa nyumbani. Nitataja nia yako bila kutaja jina lako.

Nimekufungia ming'oko kidogo na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, nampa dereva wa basi la Ijumaa alfajiri. Korosho zimetoka kwenye ile miche ambayo baba yako alipanda upande wa mtoni mwaka ule ule aliougua. Jumapili baada ya Misa ya kwanza nitakupigia.

Mama yako